Mabati Yaliyosubiri Kidole cha Mama

Kurasini, Dar es Salaam
14 Juni 1999

Mdogo wangu Drocella,

Soma barua hii ukiwa umeketi, na Mama awe karibu, maana safari hii sikuandika salamu tupu. Nimenunua mabati. Sitini, geji thelathini, pamoja na kofia zake na misumari katoni mbili. Yale mabeseni matatu yanayokinga maji chumbani kwa Mama, mvua zijazo mtafulia nguo kama watu wengine.

Usiumize kichwa kwa habari ya njia, njia ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa wakala wa forodha hapa bandarini. Nimewatumia watu wa Rwanda, Burundi na Kongo chumvi, simenti, mitumba, hata kengele ya kanisa, na sijawahi kutuma kitu nyumbani kwetu. Basi sikiliza yatakavyokuja. Meli imefunga gati wiki iliyopita, winchi zikayashusha, nami nikiwa chini nayatazama kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni. Yatapanda behewa hapa hapa, yapite Morogoro, Dodoma na Tabora mpaka Isaka. Pale Isaka kuna kituo wanakiita bandari kavu. Nilipoulizia bandari gani isiyo na maji walinicheka, lakini ni kweli. Behewa linaingia upande huu, lori la kwenu linasubiri upande ule, na karatasi za Rwanda zinamalizwa pale pale, mbali kabisa na bahari. Lori litapita Rusumo, Kigali, Ruhengeri, mpaka kwenu ziwani.

Dereva anaitwa Kagabo, utamjua kwa sauti yake. Barua zetu tuzipitishe kwake, ndani ya bahasha ya karatasi za mizigo. Posta inachukua mwezi, bahasha yangu siku kumi tu.

Kuna jambo moja nimelifanya ambalo karani mwenye akili asingelifanya. Penye jina la mpokeaji ningeandika lako, wewe unayejua kusoma na kutia sahihi. Nimeandika NYIRANEZA, MBUGANGARI, GISENYI, kwa herufi kubwa. Nilitaka jina la Mama ligongwe mihuri kila kituo, na kila mwenye ofisi njiani alitamke.

Mimi mwenyewe nitakuja. Mwaka juzi barabara yenu ilikuwa na vita, mwaka jana mvua zilikata reli, na mwaka huu kazi za hii Isaka zimenibana. Mwambie Mama nitakuja mambo yakitulia. Mke wangu Tatu anawasalimu.

Kaka yako,
Onésphore


Mbugangari, Gisenyi
30 Juni 1999

Kaka,

Barua imefika ikiwa na alama ya kidole chenye grisi, na sauti ya Kagabo ilifika kabla ya lori lake. Nimeisoma mara mbili kwa sauti, mara ya kwanza kwa Mama, mara ya pili kwa majirani, maana Mama aliwaita. Hicho Kiswahili chako cha pwani kiliwafanya wakae kimya kama wako misa. Mimi niliyekulia Goma, na kushinda sokoni nikiuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, nikisoma maneno yako najisikia nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Asante kwa mabati. Nimelia kidogo, nikaenda kuyapima mabeseni kwa macho nikacheka.

Mama hakusema neno juu ya mabati. Alisubiri nimalize, akaniuliza, "Na yeye iko kwenye mustari gani?" Nikarudi kutafuta. Kaka, umetuambia mabati yatapita wapi na yatalala wapi. Wewe utalala wapi ukija hujasema. Barabara ya Ruhengeri imetulia, minibasi zinakuja kila saa zimejaa watu na kuku, wavuvi wametoka tena ziwani na taa zao. Mambo yametulia, donc sijui unangoja yapi.

Ni miaka miwili tangu jina lako litokee kwenye karatasi ya Msalaba Mwekundu. Ulituandikia kwamba mwaka ule wa 1961 askari walikupakia kwenye lori la watu waliopelekwa Bugesera, ukiwa na miaka saba, na kutoka kule ukavuka na wengine mpaka Tanganyika. Mama alilia siku tatu. Siku ya nne alifua shuka, akatandika kitanda cha pili. Bado kimetandikwa. Beseni moja kati ya yale matatu ni la kitanda hicho, kisilowe.

Ningekuletea Mama huko, lakini hapandi gari. Tuliporudi kutoka Goma watu walipanda, yeye alitembea, nami nyuma yake na godoro kichwani. Hata alipokwenda kumzika ndugu yake kule Cyanzarwe alitembea. Nikimwuliza sababu, anasema miguu yake haijawahi kumkosea. Usiku akisali ananiambia nitaje jina lako kwa sauti, ili alisikie.

Mdogo wako,
Drocella


Kurasini
15 Julai 1999

Mdogo wangu,

Mabati yametoka Dar tarehe mbili. Kichwa cha treni kimeharibika karibu na Dodoma na behewa letu limekaa pembeni siku sita, lakini nimepiga simu kila asubuhi mpaka mkuu wa stesheni akaanza kuniita shemeji. Sasa yako Tabora. Mvua zenu zinaanza Septemba, kwa hiyo tuko salama.

Kuhusu kuja, meli zimepangana nje mpaka hatupati hata muda wa kula. Halafu Kinyarwanda changu kimebaki kile cha mtoto wa miaka saba. Najua kuomba uji na kusema nimechoka. Nitaongea nini na Mama?

Nataka nikuulize kitu. Siku ile ya lori, yeye huwa anaisimulia vipi? Anasema alikuwa wapi? Anasema aliona nini? Uliza taratibu, usimwambie kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

Onésphore


Mbugangari
8 Agosti 1999

Kaka,

Mabati yamefika tarehe tano, sitini kamili, moja tu limepinda pembe. Kagabo aliyashusha kwenye ghala la forodha akapiga honi mpaka mtaa ukatoka. Sikiliza sasa kilichotokea. Usicheke, mimi nilicheka nikajuta.

Jina ni la Mama, donc kidole ni cha Mama. Tulikwenda naye kwa miguu, amevaa kitenge chake cha misa. Théoneste anayetunza ghala alimpa kiti, akafungua kidau cha wino. Mama aliyapapasa mabati yale, akayagonga kwa ukucha asikie sauti yake. Akachovya kidole. Nikamshikia karatasi. Kidole kikiwa hewani akauliza:

"Nani ameleta hii mabati?"

"Ni dereva, bibi mukecuru. Kagabo."

"Basi Kagabo njo mutoto yangu?"

Théoneste akamweleza kwa heshima zote kwamba karatasi inataja mtumaji, Onésphore, Dar es Salaam, na kwamba siku hizi ndivyo vitu vinavyosafiri. Mama akaitazama karatasi kwa muda, yeye asiyejua kusoma.

"Mutoto haiko kwenye karatasi," akasema. "Akuje aniwekee mu mukono. Hapo njo nitatia kidole."

Akafuta wino kwenye kitenge cha misa, kile kile, akainuka.

Unakumbuka desturi ya kwetu, au ulikuwa mdogo? Mtoto akimletea mzazi kitu anakileta yeye, anapiga goti, anakiweka mikononi mwake. Hakitumwi kama kuni. Njiani nilimwambia dunia imebadilika, kwamba huko bandarini watu hawaonani na vitu vinafika. Akanijibu dunia ibadilike tu, yeye mikono yake bado ni miwili.

Théoneste anasema ghala linaweka mzigo siku tisini. Ikifika tarehe tatu Novemba haujachukuliwa, unauzwa kwa mnada.

Nimemwuliza ulichotaka. Hajawahi kunisimulia siku ile. Anasema, "Nilienda kutafuta maji," basi, anaishia hapo na kutafuta kitu cha kufagia. Kwa nini unauliza?

Drocella


Kurasini
20 Agosti 1999

Ndugu Drocella,

Nimepokea barua yako nikasikitika. Sheria ya ghala haijui habari ya kupiga magoti. Mabati hayo yamevuka bahari na nchi mbili bila kupotea hata moja, halafu yanauzwa kwa mnada hatua chache kutoka nyumbani, kwa sababu ya kidole?

Naambatisha barua ya idhini yenye muhuri wa ofisi yetu. Kuanzia leo mpokeaji ni wewe. Tia sahihi, chukua mabati, tafuta fundi. Mama hana haja ya kuonyeshwa. Akishaacha kunyeshewa atazoea.

Kuja siwezi mwezi huu wala ujao.

Na kile kitanda mkitandue. Kitanda kisicho na mtu kinaingia wadudu.

Onésphore


Mbugangari
2 Septemba 1999

Kaka,

Muhuri wenu ni mzuri. Nilikwenda nao mpaka ghalani. Théoneste akanipa kalamu, akageuka pembeni kama mtu asiyetaka kuona. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha usiku, beseni la chumbani kwa Mama lilikuwa limejaa. Sahihi moja tu na yote yangekwisha. Nilirudisha kalamu. Barua ya idhini iko chini ya Biblia na itakaa hapo.

Maneno ya kitanda sikuyasoma kwa sauti. Ni mara ya kwanza nimemdanganya mama yangu barua ikiwa mkononi, na nimechukia kwamba umenifanya nifanye hivyo.

Sasa niambie. Mtu anayejua njia ya chumvi ya watu, simenti ya watu, anayepiga simu kila asubuhi kuulizia behewa, ameshindwa nini kujua njia ya kwao? Una ugonjwa? Sema, tutakuuguza. Umefungwa na deni, umeoa mke wa pili? Sema, hatuna ubishi wa kuoa. Hutupendi? Sema hilo pia, nitalia nimalize. Ninachoshindwa ni kusubiri mtu anayejificha nyuma ya mabati.

Wiki iliyopita Mama alianguka akitoka kuchota maji, akaumia nyonga. Anatembea na fimbo. Sikuandikii hivi kukutisha, nakuandikia ujue siku zinakwenda. Yeye amekaribia sabini, na mimi sikumbuki sura ya kaka yangu. Bon. Nimesema.

Drocella


Kurasini
15 Septemba 1999

Drocella mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Mke wangu Tatu amezichukua zile tatu za mwanzo akawashia mkaa, akaniambia hii nisimpe.

Askari hawakunipakia. Niliwadanganya.

Siku ile watu waliokimbia machafuko walikuwa wamejaa pale misheni, nasi tulikuwa miongoni mwao. Baba alikuwa ameshakufa, majuma machache tu. Wewe ulikuwa mgongoni kwa Mama, unalia kwa kiu. Mama alifunga kila kilichobaki ndani ya mkeka, akaniketisha juu yake, akaniambia, "Kaa juu ya mzigo. Usitoke. Naenda kutafuta maji." Tukishakunywa tungetembea, tuvuke kwenda Goma.

Kulikuwa na malori mawili. Moja lilikuwa la buluu, lina turubai, na mbele lina pua ndefu. Sikuwa nimewahi kupanda gari lolote. Nilikaa juu ya mzigo, Drocella, nakuapia nilikaa, nikaendelea kukaa, halafu nikaenda kuligusa. Lilikuwa la moto. Watu walikuwa wanapanda, mzee mmoja akaninyooshea mkono akidhani mimi ni wa kwake. Nikapanda. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisimama nimeshika ubao wa nyuma, na lile lori lilipotikisika kuondoka nilicheka. Nilicheka kwa furaha, kwa sauti, kwa sababu ardhi ilikuwa inatembea na mimi nimesimama. Nilikuja kuelewa tulipofika Ruhengeri, na hapo nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha.

Mama aliniachia kazi moja tu, nikae juu ya mzigo. Nikauacha kwa ajili ya kupanda gari, na nikaondoka nikicheka. Miaka yote hii yeye anaamini alinyang'anywa mtoto. Hakunyang'anywa. Nilimwacha.

Ulinicheka kwa kujua njia ya mizigo ya watu. Sasa unajua nimeijulia wapi. Nilipofika Dar nikiwa kijana nilikwenda moja kwa moja bandarini, na kazi niliyoomba ilikuwa ya kulinda mizigo usiku. Nilikaa juu ya magunia nisitoke mpaka asubuhi. Walinisifu sana kwa hilo.

Ndiyo maana siwezi kuja. Nikiingia mlangoni atanikumbatia na kunipa pole kwa jambo ambalo nimelifanya kwa miguu yangu mwenyewe. Sitaweza kulipokea hilo. Unaweza kumsomea, unaweza kuichoma. Ukichoma, tia sahihi ile idhini, na mabati yawe ya nyumba yako.

Onésphore


Mbugangari
28 Septemba 1999

Kaka,

Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikamsomea Mama yote, pamoja na ile ya kitanda, maana sikutaka kubaki na uongo peke yangu.

Alikuwa anachambua maharage. Nilipofika kwenye lori la buluu mikono yake ilisimama. Nilipofika ulipocheka alisema, "Ngoja," akainuka na fimbo yake akaenda kusimama mlangoni, akanipa mgongo. Nilidhani umemuumiza. Nilikuchukia dakika hiyo, kaka, nikwambie ukweli. Halafu akaanza kusema bila kugeuka, na nimeyaandika kama alivyoyasema, siongezi kitu.

"Nilimuona. Maji nilikuwa nimepata, iko mu kibuyu, ninarudi. Nikamuona juu ya ile camion. Anacheka. Ile pengo ya meno ya mbele yote iko inje. Tangu baba yake akufe sikukuwa nimeona ule mutoto anacheka. Nikasema, acha acheke kidogo, nikifika nitamuambia shuka. Nikatembea polepole. Unasikia, Drocella? Nilitembea polepole, nisimukatie kicheko. Kama ningekimbia ningefika. Hata kama ningeita tu. Camion ikatoka."

Kaka, miaka thelathini na nane yeye naye anaamini ni yeye aliyekuacha. Ndiyo maana hapandi gari. Kila mmoja wenu amekaa na kosa lake kama kuku anayeatamia yai bovu, mmoja huko baharini, mwingine hapa, na mimi katikati nawasomea barua za mabati.

Nikamwuliza kama ana hasira na wewe. Akashangaa swali. Akasema hicho kicheko ndicho alichokaa nacho miaka yote, ndicho kilichomwambia kwamba huko uliko labda uko hai, maana mtoto aliyeondoka anacheka ana bahati yake. Kuhusu Kinyarwanda chako, anasema hakuna shida, huyo wa miaka saba ndiye anayemtafuta.

Kisha akarudi kwenye maharage. Nilipokuwa natafuta bahasha akanipa salamu moja ya kukuandikia:

"Mimi nilitembea polepole mara moja. Umuambie yeye asitembee polepole."

Drocella


Isaka
14 Oktoba 1999

Mdogo wangu,

Nakutumia barua hii kwa dereva anayetangulia leo. Mkuu wangu aliniuliza likizo ya ghafla ni ya nini, nikamwambia kuna mzigo wa zamani haujafika unakotakiwa. Nimepanda treni, nimepita vituo vyote nilivyozoea kuvitaja kwenye simu, Dodoma nikashuka kumsalimu mkuu wa stesheni. Kumbe ni mzee mfupi, mkali kwa sauti tu. Hapa Isaka nimesimama kutwa nzima nikitazama makontena yanavyoinuliwa kutoka kwenye behewa na kushushwa kwenye lori. Miaka kumi na tisa nimeandika majina ya mahali kama hapa, na sikuwahi kuona jinsi vitu vinavyotulia vikishashuka.

Naogopa, Drocella. Lakini nakuja. Kagabo anaondoka kesho alfajiri na amenipa kiti cha mbele. Jumapili tutakuwa kwenu Mungu akipenda.

Kaka yako,
Onésphore


Mbugangari, Gisenyi
20 Oktoba 1999

Wifi yangu Tatu,

Hatujaonana, lakini wewe uliyechoma barua tatu ukaiokoa ya nne ni ndugu yangu tayari. Kaka amefika salama. Anakusalimu, angeandika mwenyewe ila yuko juu ya paa na fundi, anamfundisha kazi fundi aliyezaliwa na nyundo mkononi. Ameniomba nikutumie nakala ya karatasi ya mzigo uipeleke ofisini kwao, maana bila nakala wanasema kazi haijafungwa.

Utaona kidole cha Mama, hicho cheusi kilichokwenda upande. Jumatatu asubuhi kaka alichukua bati la juu pale ghalani, akapiga goti mbele yake kwenye sakafu ya saruji, akamwekea mikononi. Ndipo akatia wino. Chini kabisa kuna mahali pa kuandika hali ya mzigo ulipopokelewa. Théoneste alitaka kuandika "nzuri". Mama akamwambia aandike anavyomwambia yeye, naye Théoneste akaandika. Wakikuuliza ofisini maana yake nini, waambie ni mambo ya kwetu. Imeandikwa hivi: Bati moja limepinda pembe. Meno yameota.

Nataka nikusimulie Jumapili, kwa sababu kaka hatakusimulia, au atakusimulia akilia usimwelewe.

Tangu misa iishe Mama alikataa kukaa ndani. Lori la Kagabo lilipokata kona honi ilikuwa inalia toka barabarani, na watoto wote wa Mbugangari wanalikimbilia. Likasimama mbele ya nyumba. Nikamwona kaka yangu dirishani, mtu mzima mwenye kipara, uso ule ule wa Mama. Kagabo alishuka upande wake. Kaka hakushuka. Alishika mlango akabaki amekaa, machozi yanamtoka. Kagabo akamwambia, "Mzee, tumefika," mara mbili. Nami nikasimama kama mti, wifi, sikujua hata nimwite vipi.

Mama aliingia ndani. Nilidhani ameshindwa. Akatoka na kibuyu mkono mmoja, fimbo ameiacha, akaenda kwenye lile lori moja kwa moja, yeye asiyekaribia gari, akitembea haraka na nyonga yake ile mbovu mpaka maji yakamwagika kwenye kitenge. Akagonga mlango kwa kiganja.

"Onésphore," akasema. "Shuka sasa. Maji nimepata."

Akashuka.

Wifi yako,
Drocella